Barua ya wazi kwa kamati ya ukumbi wetu wa vijana Dodoma, kabla hamjarudia filamu ya 300

Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Usimamizi wa Ukumbi wa Vijana,
Dodoma.

YAH: MAONYESHO YA FILAMU YA "300" KWA WANAFUNZI NA MPANGO WA KUYARUDIA LIKIZO YA JUNI

Ndugu Mwenyekiti na ndugu Wajumbe,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwandishi wa mabango pale Majengo, na kila Jumamosi nafundisha vijana kuchora katuni kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi mnaousimamia. Baada ya filamu hiyo kuonyeshwa kwa wanafunzi nilimwandikia katibu wenu, nikamfuata ofisini, nikaambiwa suala linafanyiwa kazi na nisubiri kikao. Kikao kimekaa na kumalizika bila mimi kuambiwa lolote. Wiki hii limebandikwa tangazo mlangoni kwamba filamu ileile itarudiwa likizo ya Juni, kwa utaratibu uleule. Nimeona sasa niliseme mbele ya wazazi na walimu wanaowaleta watoto hapo.

Nawaheshimu. Kuendesha ukumbi wa kiingilio nafuu katika mji unaopanuka kwa kasi hii si kazi ndogo, na vijana wengi wa Chang'ombe na Majengo waliangalia filamu kwenye ukuta mkubwa kwa mara ya kwanza kwa sababu yenu. Hilo ni lenu, hakuna wa kuwanyang'anya.

Na filamu yenyewe naipenda. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini, maana malalamiko yangu yote yanaanzia hapo.

Filamu ya 300 iliongozwa na Zack Snyder na kuingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani Machi 2007. Inasimulia wapiganaji 300 wa Sparta, dola ya Ugiriki ya kale, na mfalme wao Leonidas, wakipambana na jeshi la Xerxes, mfalme wa Uajemi. Imetoka kwenye kitabu cha katuni cha Frank Miller kilichochapishwa mwaka 1998, rangi zikiwa za Lynn Varley. Kitabu hicho kimelala kwa upana: Miller alichora kila tukio likivuka kurasa mbili, kwa wino mzito, watu wakiwa vivuli na mikuki ikiwa mistari. Snyder hakukichukua kitabu kama hadithi tu ya kuigiza. Alichukua michoro yenyewe. Karibu filamu nzima ilipigwa ndani ya studio kule Montreal, waigizaji wakiwa mbele ya vitambaa vya rangi moja, kisha milima, bahari na mawingu vikaongezwa kwa kompyuta. Ndiyo maana mbingu ya filamu ile haifanani na mbingu ya mahali popote. Ina rangi ya chai ya rangi iliyomwagikia karatasi, na hiyo ni brashi ya Varley kabisa.

Chukueni tukio la genge, ule ukingo wa jabali juu ya bahari. Wasparta wanawasukuma Waajemi kwa ngao hadi ukingoni, na miili inaanguka baharini ikiwa vivuli vyeusi mbele ya mbingu ya kahawia. Hakuna uso hata mmoja unaoonekana sawasawa, lakini unajua nani anasukuma na nani anaanguka, kwa umbo tu. Niliwaambia wanafunzi wangu wakichore kipande hicho kwa penseli laini bila kuchora jicho wala mdomo. Walielewa kazi ya kivuli siku hiyo kuliko nilivyowahi kuwaeleza kwa maneno.

Kuna pia suala la mwendo. Kwenye katuni msomaji ndiye mwenye saa: anakaa kwenye kisanduku kimoja mpaka aridhike, ndipo anahamia kingine. Filamu haimpi mtu nafasi hiyo. Snyder alitafuta njia ya kuirudisha. Leonidas anapokimbia na mkuki, picha inapungua mwendo pale ambapo Miller angechora kisanduku, halafu inakimbia kwenye ile nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku. Filamu nyingi zimeiga mtindo huo baadaye bila kuelewa ulikuwa unatumikia nini.

Haina ukamilifu. Wahusika wanapiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho, na kila dakika inataka kuwa picha ya ukutani, kwa hiyo jicho linachoka. Habari ya Malkia Gorgo, mke wa Leonidas, na siasa za baraza iliongezwa na watengenezaji, haimo kwenye kitabu, na inaonekana: ukifika hapo unajikuta ghafla unaangalia tamthilia ya kawaida ya televisheni, maana nyuma yake hakuna ukurasa. Na kwa maoni yangu filamu imezipata rangi za Varley vizuri kuliko ilivyoupata wino wa Miller. Lakini mchoraji kijana anayeikosa amekosa somo kubwa.

Sisi wa kanda ya kati tunapaswa kulielewa hili upesi. Michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina watu wekundu waliorefushwa miili hadi wakawa kama fito, wenye vichwa vya mviringo vikubwa kuliko kawaida. Waliochora walikuwa wanawaona watu kila siku na walijua mtu hana umbo hilo. Walichagua. Kila mchoro ni uchaguzi, na huko ndiko nguvu yake iliko, na hatari yake pia. Mnapowaonyesha vijana filamu iliyochorwa namna hii, mnawaonyesha uchaguzi wa mtu. Hawakuambiwa hivyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mliitangaza kuwa historia ya kweli.

Manila ya mlangoni ilisema "Historia ya kweli ya Wagiriki, wanafunzi wote mnakaribishwa", na tangazo jipya linasema vivyo hivyo. Vita vya Thermopylae, vinavyosimuliwa na filamu hii, vilikuwepo, mwaka 480 KK, na tunavijua zaidi kupitia mwandishi wa Kigiriki Herodotus. Lakini Wasparta 300 hawakuwa peke yao. Mwanzoni Wagiriki waliolinda ile njia nyembamba walikuwa wapatao 7,000, na siku ya mwisho wanaume 700 wa mji mdogo wa Thespiae walikataa kuondoka, wakafa palepale. Filamu haina habari nao. Wale maefori wenye vidonda wanaoishi juu ya jabali kama wachawi walikuwa, kwa kweli, viongozi watano wanaochaguliwa kila mwaka. Na Mgiriki wa vita hakwenda kupigana kifua wazi. Alivaa mavazi ya kivita ya shaba.

Hayo madogo yanavumilika. Lisilovumilika ni neno "uhuru". Leonidas anahubiri habari za watu huru dhidi ya watumwa filamu nzima. Sparta iliishi kwa jasho la maheloti, watu waliofanywa watumwa juu ya ardhi yao wenyewe. Herodotus anaandika kwamba mwaka uliofuata, kwenye vita vya Plataea, Wasparta 5,000 walifuatana na maheloti 35,000, saba kwa kila mmoja. Kwenye filamu sikumwona heloti. Na hapa ni Ugogo. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Tabora kwenda Bagamoyo ilikatiza nchi hii ikiwa na pembe za ndovu na watu waliofungwa. Mtoto wa hapa ana haki ya kuuliza chakula cha hao watu huru kililimwa na nani, na mwalimu wa historia alipaswa kuwepo kumjibu.

2. Ubaya umepewa sura, na sura hiyo ni ya mlemavu na ya mgeni.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Filamu inaanza na mtoto mchanga akikaguliwa juu ya bonde lenye mafuvu, kuona kama ana kasoro. Baadaye anakuja Ephialtes, mwenye kibiongo na uso uliopinda, anakataliwa jeshini, na ndiye anayewauza Wasparta. Herodotus anamtaja Ephialtes msaliti kuwa mwenyeji wa Malis, eneo la jirani na lile pito, na hasemi popote kwamba alikuwa mlemavu. Kibiongo hicho ni cha Miller. Amekichora yeye, ili ubaya wa moyo uonekane mgongoni.

Upande wa Uajemi ni hivyohivyo. Xerxes, aliyeigizwa na Mbrazili Rodrigo Santoro, amefanywa jitu lenye pete na minyororo usoni, wakati wafalme wa Uajemi waliochongwa kwenye kuta za Persepolis, mji wao wa kale, wana ndevu ndefu na mavazi ya kufunika mwili. Kikosi cha Wasiokufa, askari wateule wa Xerxes, kimevalishwa vinyago, na chini ya kinyago kuna zimwi. Serikali ya Iran, ndiyo Uajemi ya leo, ilipinga filamu hiyo hadharani mwaka 2007, na hata asiyeipenda serikali ile anaweza kuelewa uchungu wa kuona mababu wako wamegeuzwa mazimwi. Sisi pia tumo humo. Mjumbe wa Xerxes anayepigwa teke na kutumbukia kisimani ameigizwa na Peter Mensah, mzaliwa wa Ghana. Herodotus anasema kweli Waafrika walikuwemo kwenye jeshi lile: Waethiopia waliovaa ngozi za chui na simba, waliojipaka nusu ya mwili chokaa na nusu rangi nyekundu. Kuwepo kwao si uongo. Lakini siku ile ukumbi mzima ulisimama kushangilia mtu mweusi akitumbukia shimoni, na hakuna aliyewauliza watoto wetu wameshangilia nini. Wiki nzima iliyofuata walikuwa wakipigana mateke uani huku wakipiga kelele jina la Sparta.

Kwenye darasa langu kuna mvulana mwenye kibiongo. Sitamtaja jina, na naomba anayemjua asimtaje. Anachora mikono vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha: mkono ulioshika jembe, mkono unaochambua mchele, mpaka kucha iliyovunjika. Tangu siku ya filamu wenzake walianza kumwita Efialte. Kwanza nje, kisha darasani nikiwa nimegeukia ubao. Jumamosi moja alikuja mapema kabla ya wote, akaweka mezani penseli za darasa alizokuwa ameazima, zote zimechongwa vizuri, akasema mama anamhitaji nyumbani siku za Jumamosi. Nilikwenda kwao. Mama hamhitaji Jumamosi.

Mtasema katuni siku zote hutia chumvi. Ni kweli, hiyo ndiyo kazi yangu. Mtanzania aliyekulia kwenye vibonzo vya magazeti anajua mwanasiasa anachorwa tumbo kubwa na masikio mapana, na anacheka. Lakini pale anayetiwa chumvi ni mwenye cheo, na kinachochekwa ni alichokitenda. Kumtia chumvi mtu kwa maumbile aliyozaliwa nayo ni jambo jingine, na vijana wanaojifunza kuchora wanapaswa kufundishwa tofauti hiyo na mtu mzima. Kuwaachia waikisie kwenye giza la ukumbi ni kuwatupa.

3. Msimulizi aliondolewa.

Filamu hii ina utetezi mzuri dhidi ya mengi niliyoyasema, na mimi huutumia darasani. Hadithi yote inasimuliwa na Dilios, askari aliyepoteza jicho na kurudishwa nyumbani. Mwisho tunamwona mbele ya jeshi la Wagiriki kabla ya vita vya Plataea, akimalizia simulizi ili kuwatia watu moyo. Kwa hiyo mazimwi, jitu lenye pete na yule mnyama kifaru mkubwa ni maneno ya mtu anayewaandaa wenzake kuua. Ukilijua hilo unaitazama filamu kwa jicho lingine.

Vijana wetu hawakulijua. DJ mliyemweka atafsiri ana kipaji cha kweli, na watoto wanampenda, lakini alishusha sauti ya filamu na kuwa msimulizi yeye mwenyewe. Dilios alibaki anachezesha mdomo. Na Leonidas alipoanguka taa ziliwashwa, kwa sababu ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa shughuli nyingine jioni. Tukio la Plataea halikuonyeshwa kabisa. Mliwapa watoto uongo wa Dilios mkamficha Dilios.

4. Picha iliharibiwa.

Mlionyesha saa tisa alasiri, jua la Dodoma likiwa kali na mapazia hayafiki chini. Fundi akapandisha mwanga wa projekta ili watu waone. Weusi wote ukawa kijivu, na majoho mekundu ya Wasparta yakawa waridi. Halafu picha ilikuzwa ili ijaze ukuta, pande mbili zikakatwa. Filamu hii ni pana sana kwa sababu kitabu chake ni kipana. Kwenye tukio lile la genge Wasparta waliokuwa pembeni walikatwa, na Waajemi wakaonekana wanajiangukia wenyewe. Mtoto aliyekaa karibu yangu aliuliza kwa nini wanajirusha. Kwa hiyo hata kile kizuri ambacho kingetufaa hakikuwafikia. Walichopata ni damu na kelele.

5. Umri.

Kwao Marekani, aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia kwenye filamu hii bila mzazi au mlezi. Ina uchi, ina vichwa vinavyokatwa, ina tukio la malkia kuingiliwa kwa lazima. Hapo ukumbini walikuwepo watoto wa darasa la nne wakiwa na sare. Tuna Bodi ya Filamu na tuna sheria tangu 1976. Hapa sina la kujadiliana.

Najua majibu yanayokuja. Mtasema ni burudani tu, na kwamba filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 450 duniani haiwezi kuwa mbaya kiasi hicho. Kama ni burudani tu, manila isingesema historia, na shule zisingeandikiwa barua za mwaliko. Mtasema vijana wameshaiona kwenye simu. Wengi ndiyo, wakiwa peke yao, na ndiyo sababu ukumbi una kazi ya kufanya ambayo simu haiwezi: kuwaketisha pamoja na kuwaacha waulize. Mtasema pia kwamba fedha hakuna. Mengi ninayoyaomba hayahitaji shilingi.

Siombi filamu ifungiwe. Mzazi mmoja alinishauri nidai hivyo, nikamkatalia.

Ninachoomba ni kwamba maneno "historia ya kweli" yaondolewe kwenye tangazo wiki hii, na mahali pake paandikwe kuwa ni filamu iliyotokana na kitabu cha katuni cha Frank Miller na Lynn Varley. Shule za msingi zilizoalikwa zijulishwe kwa maandishi kwamba wanafunzi wao hawataingia, na mlangoni awepo mtu wa kuangalia umri. Maonyesho yahamishwe saa moja usiku, giza likiwa limeshaingia, picha iachwe na upana wake hata kama ukuta utabaki mtupu juu na chini, na filamu iende hadi mwisho. DJ akae nami siku moja kabla, tuipitie pamoja, ili sauti ya Dilios ibaki kuwa ya Dilios. Nimeshazungumza naye na yuko tayari. Baada ya filamu iwepo nusu saa ya mazungumzo pamoja na mwalimu wa historia. Nitaleta kurasa za kitabu na picha za kuta za Persepolis, na nitazibandika ukutani mwenyewe. Kama mkiweza kupata usafiri wa kuwapeleka vijana Kolo siku nyingine nitafurahi, ila hilo linaweza kusubiri.

Lipo ombi moja lisiloweza kusubiri. Kabla filamu haijaanza, Mwenyekiti asimame mbele ya vijana awaambie kwamba kwenye ukumbi huu hakuna mtu anayeitwa kwa jina la maumbile yake, na anayefanya hivyo atatoka nje. Liseme wewe, Mwenyekiti, kwa sababu mimi nimelisema darasani na halikutosha. Baada ya hapo naomba mjumbe mmoja aongozane nami hadi kwa yule mvulana, tumwombe arudi.

Naomba jibu kwa maandishi kabla shule hazijafunga. Nipo chumba cha nyuma kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, na siku nyingine napatikana Majengo kazini kwangu. Yeyote kati yenu akija tutaongea.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa kuchora, darasa la Jumamosi,
Majengo, Dodoma.

Nakala: Wazazi na walezi wa vijana wa ukumbi; walimu wa historia wa shule zilizoalikwa.